Kimya na Ngoma

Msomaji, huenda umepata kuulizwa darasani kama yafaa dini kuchanganywa na siasa. Ni swali lipendwalo sana katika midahalo ya shule, na wasemaji wa pande zote mbili hupigiwa makofi. Mmoja husema kuwa dini ni mambo ya mbinguni na siasa ni mambo ya duniani, basi kila moja na ikae mahali pake. Mwingine hujibu kuwa mtu ni mmoja tu, wala hawezi kuiacha roho yake mlangoni pamoja na viatu kila aingiapo barazani. Sitaki kuwa msemaji wa tatu katika mdahalo huo. Nataka nikupeleke mahali ambapo swali hili liliulizwa kwa damu, kisha tutazame pamoja jinsi lilivyojibiwa.

Mahali penyewe ni nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Ukitoka Kitale kuelekea kusini utapita Kiminini na Kamukuywa, na mlima utakuwa upande wako wa kulia. Mahindi yametanda huku na huku. Mgeni huiona nchi moja, yenye udongo mmoja na mvua moja. Lakini katika zama za ukoloni ilikatwa sehemu mbili. Upande wa Kitale, yaani Trans Nzoia, uligawiwa walowezi wa Kizungu, na reli ikafika Kitale mwaka wa 1926 kuchukua mazao yao. Upande wa Bungoma uliachwa kuwa makazi ya Waafrika, na wengi wao walikuwa Wabukusu. Mbukusu aliyetaka kulima na kuchunga katika Trans Nzoia alikaa huko kama skwota, yaani mtu apewaye kipande cha ardhi kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Yafaa uukumbuke mpaka huo, kwa kuwa habari yote nitakayokusimulia inaurudia.

Karibu na Webuye kuna kilima kiitwacho Chetambe. Mwaka wa 1895 Wabukusu walijikinga huko ndani ya boma lao, wakapigana na jeshi lililoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley. Jeshi hilo lilikuwa na bunduki ya rashasha. Wabukusu walishindwa, na waliokufa walikuwa wengi. Vita vilikwisha, ila kumbukumbu yake haikwisha. Watoto waliozaliwa baadaye waliikuta imewekwa katika masimulizi na nyimbo za wazee, kwani watu wasio na maktaba huweka historia yao midomoni.

Miaka saba baada ya vita hivyo walifika wageni wa namna nyingine. Mwaka wa 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni Kaimosi, kusini ya Bungoma. Walikuwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki. Dhehebu hilo lilizaliwa Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox, na adui zake walilibandika jina la dhihaka, Quaker, maana yake watetemekao. Marafiki wa kwanza walikataa kula kiapo mahakamani. Walikataa kuwavulia kofia wakubwa, na wakakataa kulilipa zaka kanisa la serikali. Fox alitiwa gerezani mara nyingi. Mwanamke mmoja wa dhehebu hilo, Mary Dyer, alinyongwa mjini Boston mwaka wa 1660 kwa sababu alikataa kuutii mwiko wa kuingia katika koloni hiyo na imani yake. William Penn naye alifungwa. Baadaye, mwaka wa 1681, alipewa na mfalme nchi ya Pennsylvania, akaifanya kimbilio la watu walioteswa kwa ajili ya kuabudu.

Ibada ya Marafiki wa kale ilikuwa kimya. Watu waliketi pamoja bila padri, bila kinanda na bila wimbo, wakingoja Roho amwamshe mmoja wao aseme. Wahenga wetu walisema kuwa kimya kikuu kina mshindo mkuu, na methali hiyo inawafaa sana watu hawa. Kutoka katika kimya hicho zilitoka sauti za kwanza zilizoupinga utumwa katika Marekani: mwaka wa 1688 Marafiki wachache wa Germantown waliandika waraka wa kuushutumu, na mwaka wa 1776 mkutano wao mkuu wa Philadelphia ukakataza wanachama wake kumiliki watumwa. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Katika baadhi ya nyumba zao za ibada mtu mweusi aliwekewa benchi lake la peke yake. Twaona, basi, ya kwamba mtu aweza kuichukia minyororo iliyo mkononi mwa mwenzake, na hata hivyo asitake kuketi karibu naye.

Marafiki waliofika Kaimosi hawakuwa tena watu wa kimya kitupu. Katika majimbo ya kati ya Marekani uamsho wa karne ya 19 ulikuwa umewafundisha kuhubiri kwa sauti na kuimba. Walikuja na Biblia, shule, dawa, kinu na msumeno. Walikuja na nyimbo pia. Kutoka Kaimosi walisambaa, wakafika Lugulu katika nchi ya Wabukusu. Vijana waliosoma kwao wakawa walimu, makarani na mafundi. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Atakayesema kuwa kazi yao haikuwa na manufaa atakuwa ameufunga mlango wa haki.

Walakini, pamoja na kutoa, walikataza. Waliobatizwa kwa imani waliambiwa waache pombe, waache kuoa wake wengi, waache na ngoma za jadi. Makatazo mawili ya kwanza yanafahamika upesi. Hili la tatu linahitaji kuelezwa, kwa kuwa kijana wa leo hudhani ngoma ni mchezo wa kupoteza wakati. Mchezaji wa litungu, kile kinubi cha Wabukusu, hakuwa mfurahishaji tu. Alikuwa mtunza habari na mkosoaji wa wakubwa. Kengele za mikononi azipigazo kijana kabla ya kutahiriwa zilitangaza kuwa anaingia katika rika, na marika ya Wabukusu, yaliyo manane na yenye kuzunguka kwa zamu, ndiyo kalenda yao. Nyimbo za msiba ziliwataja wafu ili wasisahauliwe. Basi aliyepiga ngoma marufuku alidhani anazima kelele. Kumbe alikuwa anafunga shule, kumbukumbu na baraza la watu kwa kufuli moja.

Haukupita muda mrefu kabla kufuli hilo halijajaribiwa, na lilijaribiwa kutoka ndani. Mwaka wa 1927 uamsho mkubwa ulitokea Kaimosi, wakati Arthur Chilson alipokuwa akiwahimiza waumini kumwomba Roho Mtakatifu. Waafrika waliomwomba walianza kuungama dhambi kwa sauti kuu, kusema kwa lugha na kutetemeka. Jambo hili liliwatia hofu wakuu wa misheni na baadhi ya wazee wa kanisa. Tazama mchezo wa historia, msomaji: watu walioitwa watetemekao walifadhaika walipoona wengine wanatetemeka! Waumini hao walitengwa, wakaanzisha makanisa yao ya Roho. Mwaka wa 1942 Daudi Zakayo Kivuli, aliyekuwa amelelewa katika misheni ya Kipentekoste, alianzisha kanisa la African Israel Nineveh. Waumini wake walipita barabarani siku ya ibada wakiwa na kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Ngoma iliyofukuzwa mlangoni ilirudi imevaa kanzu ya ibada.

Jambo hili halikuwa geni huko Marekani walikotoka wamisionari. Mwaka wa 1739, karibu na mto Stono katika South Carolina, watumwa waliinuka kupigania uhuru, wakaandamana kwa mlio wa ngoma. Mwaka uliofuata watawala walitunga sheria ya kuwakataza watumwa ngoma na baragumu. Ngoma zikanyamaza, lakini mdundo wake haukunyamaza. Ulihamia katika viganja na nyayo, ukaingia katika nyimbo za kiroho ambazo watu weusi waliziimba wakiwa mashambani na katika mikutano ya siri. Walipoimba habari za Waisraeli na Misri, bwana wao alisikia Biblia. Wao wenyewe walisikia habari za nafsi zao. Nat Turner, aliyeongoza maasi katika Virginia mwaka wa 1831, alikuwa mhubiri. Na baada ya maasi hayo sheria ilitungwa kuwazuia watu weusi wasihubiri. Alipokuwa Philadelphia, mji ule ule wa Marafiki, Richard Allen alitoka katika kanisa la wazungu mwaka wa 1787 kwa kuwa watu weusi walisumbuliwa walipokuwa wamepiga magoti wakisali. Yeye na wenzake wakajijengea lao.

Tangu mwaka wa 1791 katiba ya Marekani ilikuwa imeahidi uhuru wa dini na wa kukutana kwa amani. Mtu mweusi aliusoma uhuru huo katika karatasi muda mrefu kabla hajauonja. Na alipouendea, alianzia kanisani. Tarehe 5 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, maelfu ya watu walikusanyika katika kanisa la Kibaptisti na nje yake kuamua kama waendelee kuyasusia mabasi yaliyowabagua. Mkutano ulianza kwa wimbo na sala, ndipo kijana Martin Luther King akasimama kuhutubu. Walitembea kwa miguu zaidi ya mwaka mmoja, hata mahakama ya juu ya nchi ikaamua upande wao. Sasa niambie, usiku ule katika kanisa lile, dini ilikomea wapi, siasa ikaanzia wapi, na wimbo ulikuwa mali ya ipi kati ya hizo mbili?

Turudi sasa chini ya Mlima Elgon, maana huku nako kulikuwa na mtu aliyekataa kuvitenga vitu hivyo. Jina lake ni Elijah Masinde, mtu wa Kimilili. Alisoma katika shule za misheni, na katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akacheza katika timu ya Kenya iliyopambana na Uganda kuwania kombe la Gossage. Alikuwa mwana wa kanisa la Marafiki hadi alipooa mke wa pili, akatengwa. Katika miaka ya 1940 alijitokeza kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Neno msambwa katika lugha ya Kibukusu lahusu mizimu ya wahenga na mila waliyoiacha. Wafuasi wa dini hiyo walimwomba Wele, Mungu wa baba zao, wakaitumia na Biblia, wakauheshimu Mlima Elgon kuwa Sayuni yao. Na Masinde aliwaambia waziwazi kwamba Wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe.

Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Serikali ilichukua watu kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wakuu wa kilimo walitoa amri za kung'oa magugu. Masinde alizikataa amri hizo, akagombana na watumishi wa serikali. Alifungwa, kisha mwaka wa 1945 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hata mwaka wa 1947. Alipotoka, aliwakusanya watu Septemba mwaka huo huo juu ya kilima cha Chetambe, wakawaombea waliouawa huko mwaka wa 1895. Fikiri jambo hilo. Miaka 52 ilikuwa imepita. Je, kuwaombea wafu wako ni dini au ni siasa? Serikali ilijua jibu lake. Kaburi likiombewa na watu wengi, aliyelichimba hapati usingizi.

Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi wa dini hiyo ulikabiliana na polisi Malakisi. Polisi walipiga risasi, na watu 11 waliuawa. Masinde alikamatwa mwezi huo huo, akahamishwa na kupelekwa mbali katika kisiwa cha Lamu, na dini yake ikapigwa marufuku. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka 12. Hata hivyo mafundisho yake yalivuka mpaka wa kabila. Lukas Pkiech aliyapeleka kwa Wapokot, na mwezi wa Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, yeye na watu wake walipambana na askari. Maofisa watatu wa Kizungu na Wapokot wengi walikufa, Pkiech akiwa mmojawapo.

Sitakuficha upande wa pili wa habari hii, kwa maana historia inayoficha ni hadithi ya kulalia watoto. Makanisa, shule na mali za walowezi zilichomwa moto, na wafuasi wa Dini ya Msambwa walihukumiwa kwa makosa hayo. Shule iliyoungua haikuwa ya mlowezi peke yake. Ilikuwa pia ya mtoto wa Kibukusu aliyeamka asubuhi akakuta majivu mahali pa darasa. Wabukusu wengi waliobaki katika makanisa ya Marafiki na Wakatoliki walimwogopa Masinde, nao hawakuwa vibaraka wala wajinga. Walikuwa na hoja yao: elimu ndiyo silaha ya kesho. Mtu aweza kudai haki kwa njia isiyo ya haki, na deni la kosa hilo hulipwa na wanyonge wenzake. Hapo ndipo Montgomery na Malakisi zilipoachana. Walakini tukumbuke jambo moja kabla ya kuhukumu: watu wa Montgomery walikuwa na mahakama waliyoweza kuiendea. Mbukusu wa mwaka wa 1948 angeyapeleka wapi mashtaka ya ardhi ya Trans Nzoia, ikiwa waliompa mlowezi ardhi hiyo ndio waliokaa kitini kuamua?

Huenda sasa umekwisha kujiambia kwamba kosa lote lilikuwa la mkoloni, na alipoondoka mambo yalitengenea. Laiti ingekuwa hivyo. Kenya ilipata Uhuru mwaka wa 1963. Dini ya Msambwa iliandikishwa mwaka wa 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka wa 1968, safari hii na serikali ya Waafrika. Masinde, aliyefungwa na Waingereza kwa kudai ardhi, alifungwa tena na wananchi wenzake, kwa kuwa hakuacha kuwakemea wakubwa na kusema kuwa ardhi bado haijawarudia wenyewe. Alifariki mwaka wa 1987. Bendera ilikuwa imebadilika. Hofu ya mtawala ilikuwa ile ile.

Basi, tumefika mwisho wa safari, na swali la mdahalo bado linatungoja. Nionavyo mimi, kila atakaposimama mtu akasema kuwa dini itengwe na siasa, tusikimbilie kumpigia makofi wala kumzomea. Tumwulize kwanza yeye ni nani, na ameshika nini mkononi. Mnyonge aogopaye kulazimishwa dini ya mwenye nguvu ana haki ya kuomba utengano huo. Mary Dyer angeuomba, na kimbilio la Penn lilijengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini mwenye shamba akimwambia skwota wake asali kimya, asitaje ardhi, huyo haitetei dini. Anaitetea mipaka yake. Tofauti ya watu hawa wawili hatuijui kwa maneno yao, maana maneno ni yale yale. Twaijua kwa kutazama nani anaumia wakati maneno hayo yanapotiiwa.

Wahenga walisema kuwa ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ni kweli, na Malakisi ni ushahidi. Lakini katika nchi hii ya Kitale na Bungoma, kama katika South Carolina, tumeona jambo ambalo methali hiyo haikulitaja: ngoma huzidi kulia pale watu wanapokataa kusikiliza mlio wake wa kwanza, ulio mdogo. Laiti mtu angeusikiliza mapema wimbo wa mchezaji wa litungu aliyelalamikia ardhi, pengine watu 11 wa Malakisi wangekufa kwa uzee. Marafiki wa kale walikuwa na dawa ya jambo hili, nao waliileta hadi Kaimosi bila kuitumia yote. Dawa hiyo ni kimya: si kile anacholazimishwa mnyonge, bali kile ambacho mwenye nguvu hujilazimisha mwenyewe ili asikie.

Nawe, msomaji, utakapopita Webuye, inua macho ukitazame kilima cha Chetambe. Ukipata nafasi, muombe mzee wa huko akusimulie habari zake, na akianza kuimba, usimkatize.